Kilele cha Ubao

Kuna watu walioumbwa na mgongo wa kubeba mzigo, na kuna waliopewa mdomo wa kueleza mzigo ulivyokuwa mzito. Kamanda alikuwa wa kundi la pili. Jina hilo alijipa mwenyewe, maana jeshini hakuwahi kukanyaga, wala geti la kiwanda hakuwahi kulilinda. Alichokuwa nacho ni filimbi shingoni, kofia ya mabakamabaka na kizibao chenye mifuko mingi isiyo na kitu ndani. Ukimkuta mtaani asubuhi amevaa hivyo, anakwenda kununua sabuni, ungedhani nchi imevamiwa.

Kazi yake ilikuwa kupeleka watu milimani kwa bei ya kutupa. Ofisi ilikuwa chumba nyuma ya duka la kutengeneza simu: meza ya miguu mitatu na tofali, kiti cha plastiki cha mteja, na kwenye kona rundo la mahema yaliyorudi yameloa mwezi uliopita na yatakayoondoka yananuka mwezi huu. Ukutani alibandika picha za wateja wake, kundi baada ya kundi, wote wamekenua, wote wamesimama chini ya ubao mmoja wa manjano ulioandikwa KILELENI. Mteja mpya akiingia, macho yake yalikwenda kwenye picha kabla pua haijafika kwenye mahema, na hapo biashara ilikuwa imeisha. Rahisi ni ghali, wahenga walishasema, lakini wahenga hawakuwahi kukutana na mtu anayetaka picha.

Sasa huo ubao, jamani. Mlima una kilele, na kilele kina njia yake, njia ndefu inayozunguka kwa nyuma. Ni njia ya pole, hata punda huipanda, ila inataka kulala usiku mmoja zaidi na kulipia kwenye geti la hifadhi. Kamanda alikuwa na ugomvi na vyote viwili. Kwa hiyo wateja wake aliwapitisha njia fupi ya mbele, mwinuko unaokukabili kama ukuta, ambao unaishia kwenye bega la mlima. Bega si kilele. Bega ni bega. Lakini kule juu ukungu hauishi, na mtu aliyepanda tangu alfajiri huku ulimi uko nje hana pumzi ya kuuliza maswali. Mpagazi alitangulia na ubao ndani ya gunia, akausimika katikati ya mawe, na kundi lilipotokeza likakuta maandishi yanalisubiri. Filimbi! Makofi! Picha! Wakishageuka kushuka, mpagazi anang'oa ubao, anaurudisha guniani. Na Kamanda mwenyewe, mpandishaji wa watu vileleni, kilele chenyewe hakuwahi kukitia mguu maishani mwake. Njia ya mwongo ni fupi, na huyu alikuwa anaitoza nauli.

Aliyemlea mwanaume huyu ni dada yake. Mama yao alifariki Kamanda akiwa bado wa kubebwa, na Dada, binti ambaye hata yeye alikuwa hajamaliza kukua, akamfunga mgongoni, akaacha shule, akakalia cherehani. Alishona sare za wasichana waliokuwa wakikaa naye dawati moja, huku kitoto kimemlalia mgongoni kinamtiririshia mate shingoni. Akikiamsha kukipeleka zahanati, alikipeleka kwa miguu, kwenda na kurudi, mvua au jua. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, husema watu wasiopenda kufikiri. Dada alimlea vizuri. Huyu aliharibika kwa juhudi zake mwenyewe.

Kabla ya milima alikuwa mshereheshaji wa harusi. Mdomo alikuwa nao, wa kukodisha. Akasherehesha mpaka siku alipomkaribisha bibi harusi ukumbini kwa jina la mchumba wa zamani wa bwana harusi, kwa sababu uchumba ule wa kwanza pia alikuwa amesherehesha yeye, na hakuona haja ya kubadili maneno. Baada ya hapo simu haikuita tena. Mtu mwingine angejifunza kitu. Kamanda alijifunza kwamba ni bora kufanya kazi na watu ambao hutawaona mara ya pili.

Dada naye aliolewa, tena akapata mtu. Shemeji alikuwa fundi wa vyombo vya hali ya hewa, mtu wa maneno machache, mikono mizito. Juu ya kilele cha mlima huo huo kulikuwa na kituo kidogo, mkebe wa kupimia mvua na kidude kinachozunguka na upepo, na kazi yake ilikuwa kupanda kuvikagua. Alipanda miaka na miaka, akarudi na baridi kwenye nguo, akakaa karibu na cherehani, akasimulia.

Sasa Dada ni mfupi. Viti vya benki, viti vya hospitali, viti vya wageni kwa watu, vyote vilimning'iniza miguu kama mtoto aliyeletwa kuchanjwa, naye hilo lilimkera kuliko alivyosema. Siku moja Shemeji akarudi amejaa tabasamu. "Nimekujengea kiti kule juu," akamwambia. "Cha mawe. Nilikupima miguu kwa utepe wako ukiwa umelala. Kimeelekea ziwa. Siku moja nitakupeleka ukakikalie, na nyayo zako zitakanyaga chini." Dada alicheka mpaka akachoma kidole na sindano. Wakapanga kwenda. Ikaja shule kufungua, sare zikajaa nyumba. Wakapanga tena. Ikaja mvua. Wakapanga mpaka Shemeji akaugua kifua, na kifua hakikumpa nafasi.

Msibani Dada alikaa sakafuni akilia maneno yale yale tu: "Kiti changu. Kiti changu nitapelekwa na nani sasa?" Watu wakatazamana, wakadhani huzuni imempanda kichwani. Kamanda, ambaye kimya cha watu wengi humwasha mwili mzima, akasogea akapiga magoti mbele yake.

"Dada, usilie. Kiti kipo. Mimi si nakwenda kule kila mwezi? Nakiona kwa macho yangu. Safari iliyopita nimekikalia kwa niaba yako."

Ulimi hauna mfupa. Dada akanyamaza papo hapo, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Kweli, mdogo wangu?"

"Haki ya nani tena."

Hapo angekomea. Mtu mwenye haya angekomea, akaomba dunia isahau. Lakini kila aliporudi safari, Dada alimsubiri mlangoni. Kiti kipo? Kipo, imara. Hakijaota majani? Yaliota, nimeyang'oa. Na ziwa? Ah, Dada, ziwa linametameta hilo, acha tu. Akawa anakipangusa kiti kwa mdomo, anakirekebisha kwa mdomo, mara moja hata akafukuza nyani waliokuwa wamekikalia. Na Dada, kwa shukrani, akawa anamshonea mahema bure, anambadilishia zipu za mabegi bure, anamwekea na sahani ya chakula juu ya hayo. Mwanaume mzima, na ndevu zake, anashiba kwa kiti asichowahi kukiona. Loo! Kuna wezi wanaofungwa jela ambao ukiwaweka karibu na huyu utawapa pole.

Basi mwaka huu Dada akapigwa picha za magoti hospitalini. Daktari hakuzunguka. "Mama, haya yamelika. Kama kuna mahali pa kupanda unapopataka, panda sasa. Mwakani utatembelea fimbo, na baada ya hapo fimbo nayo itakuchoka." Dada akatoka hospitali, hakupita nyumbani, akaenda moja kwa moja nyuma ya duka la simu, akakaa kwenye kiti cha plastiki cha mteja, miguu hewani.

"Kundi lako linaondoka lini?"

Kamanda akacheka kidogo, kicheko cha kununua muda. "Kwani vipi, Dada?"

"Nakwenda nalo."

"Kule baridi, Dada."

"Nimeshona koti."

"Njia mbaya."

"Unapandisha wastaafu na maharusi, ukutani umewabandika. Mimi nitashindwaje?" Akafungua mfuko wake, akatoa suruali, suruali ya kwanza maishani mwake, ya kitambaa kigumu, ameishona kwa mishono miwili magotini. "Nisikilize. Haya magoti yamebaki na safari moja tu. Nataka iwe hiyo. Nikishakikalia kile kiti, yakifa yafe."

Hapa sasa ndipo mwanaume angesema. Neno lenyewe lilikuwa fupi: Dada, nilikudanganya, lakini njia ipo, tutazunguka na punda, tutalala usiku mmoja zaidi, utafika. Angezomewa siku moja, na dada yake angekalia kiti chake. Neno likamfika Kamanda kooni, akalimeza, likashuka. Badala yake akasema, "Basi sawa, Dada. Kiti kinakusubiri." Halafu akaenda kumtafuta Kijiti.

Kijiti ndiye mpagazi wake, pia mpishi, pia msimika ubao. Alikuwa mwembamba kama lilivyo jina lake, na alikuwa amebeba mizigo ya kampuni nyingi kabla ya kuangukia kwa Kamanda. Kamanda alimkuta anaosha sufuria.

"Safari hii utatangulia mapema zaidi," Kamanda akamwambia. "Pale begani, karibu na ubao, nijengee kiti cha mawe."

"Kiti?"

"Kiti, kiti! Hujui kiti? Marehemu shemeji yangu alimjengea dada yangu kiti huko juu. Sasa Dada anataka kukiona. Kiwepo."

Kijiti akaacha kusugua. "Kamanda, ile habari ya kiti cha..."

"Nimekuajiri kubeba au kusema?"

Kijiti akarudi kwenye sufuria yake. Kamanda akageuka kwenda, kisha akasimama, maana wazo lilikuwa limemjia, na wazo likimjia mtu wa namna hii ni heri ukimbie. "Tena kiwe kikubwa. Kirefu, chenye mgongo, kionekane vizuri kwenye picha. Dada akishamaliza nacho, tutakitumia." Akajiona ana akili, akaondoka anapiga mluzi.

Kundi likafika kijiji cha mwisho jioni. Nyumba waliyolala ilikuwa ya mama mmoja mkulima, vyumba vya udongo, magodoro chini, ndoo ya maji nje ya mlango. Kamanda kwenye matangazo alipaita "makazi ya asili yasiyoguswa". Hapajaguswa kweli, hata na fundi wa paa. Na wateja wenyewe, hebu tuwatazame. Kulikuwa na mfamasia aliyemwomba yule mama mkulima avue raba zake mpya asimame pekupeku, ili picha itoke na uhalisia. Yule mama akamtazama kuanzia juu hadi chini, akaingia ndani, akarudi amevaa raba na soksi. Kulikuwa na karani mstaafu aliyeuliza mara kwa mara kama mlima huu huu hauna upande wa bei ya chini zaidi. Na kulikuwa na maharusi wawili walionuniana tangu simu ya bwana ilipoishiwa chaji, kana kwamba ndiyo iliyowafungisha ndoa.

Dada peke yake ndiye aliyekaa na mwenyeji. Alikaa kizingitini, akamsaidia kupukuchua mahindi, wakaongea mambo ya watoto na migongo. Yule mama akamwona anavyonyanyuka, kwa kushika ukuta.

"Dada yangu, na magoti hayo unapita njia ya mbele? Kwa nini usizunguke na punda? Wangu yupo, mpole."

"Mdogo wangu anaijua njia," Dada akajibu, na uso wake ulikuwa na fahari ya mtu anayemtaja mwanawe. "Yeye kule ni nyumbani."

Kamanda alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale. Alisikia kila neno. Alichofanya ni kupuliza filimbi na kutangaza muda wa kulala.

Asubuhi wakapanda. Sitaki kueleza sana kupanda kwenyewe, maana kunaniuma. Wateja walipanda kwa kulalamika, Dada alipanda kwa magoti. Palipokuwa na jiwe la kuvuka, wao waliruka. Yeye aligeuka, akakaa, akajiburuta kwa makalio, akasimama upande wa pili. Suruali ikachanika mshono wa kwanza, ikabaki wa pili. "Bado kidogo, Dada," Kamanda alisema. Alisema hivyo mwanzo, akasema hivyo katikati, na kila mara Dada aliitikia, "Haya, baba." Karibu na juu goti la kulia likalia kah, kama kijiti kikavu, naye akashika jiwe, akafumba macho, akaendelea. Hakuna aliyemsikia akisema ah. Bibi harusi yeye alilia kwa sababu ya kucha.

Wakatokeza begani. Ukungu ulikuwa mzito. Ubao wa manjano ulisimama, na pembeni yake kiti. Kijiti hakufanya mchezo: kilikuwa kiti kirefu, kipana, chenye mgongo unaozidi kichwa cha mtu. Wateja wakapiga kelele za furaha. Dada hakupiga kelele. Alivua kofia, akasogea polepole, akayapapasa mawe moja moja kama anavyopapasa kitambaa kabla ya kukikata. Kisha akageuka, akajinyanyua kwa mikono yote miwili, akakalia.

Miguu yake ikabaki hewani.

Akaitazama. Akajisogeza mbele, akanyoosha vidole vya miguu ndani ya viatu, chini hakukufika. Akainama, akatia kiganja chini ya jiwe la kukalia, akakitoa kina udongo mbichi na nyungunyungu anajinyonganyonga. Akaupangusa mkono kwenye suruali. Kamanda alikuwa amesimama pale na filimbi yake, jasho linamtoka katika baridi ile, anajiambia kwamba labda wanawake wanapolia huanza hivyo.

Mfamasia akasogea na simu yake. "Mama, samahani, ukimaliza tupishe basi na sisi. Kamanda ametuambia njiani hiki ndicho kiti cha mfalme wa zamani. Nataka nikae huku nimeshika fimbo."

"Cha mfalme," Dada akasema.

"Eti aliwahukumia watu hapa hapa!"

Dada akamtazama mdogo wake. Kamanda akatazama viatu vyake. Na mlima, ambao haukuwahi kupewa nafasi ya kusema neno katika biashara hii yote, ukachagua wakati huo kuvua ukungu. Upepo ukaja, ukungu ukapasuka, na nyuma ya ubao wa KILELENI, juu kabisa, kikasimama kilele, cheupe, kikubwa, hakina haja ya maandishi. Kwenye ncha yake kidude kidogo kilikuwa kinazunguka na upepo.

Karani mstaafu akakinyooshea kidole. "Na kile je?"

"Kile?" Kamanda akakohoa. "Kile ni cha wilaya nyingine. Hakimo kwenye safari yetu."

"Ahaa," karani akasema, akaridhika. Wallahi aliridhika! Wote waliridhika. Bwana harusi akauliza tu kama kikitokea nyuma yake kwenye picha kitaharibu. Watu wa kupelekwa begani wakaambiwa kilele, hawa ndio wenyewe, na Kamanda angewatafuta dunia nzima asingepata wanaomfaa zaidi.

Dada akaita, "Kijiti."

"Naam, mama."

"Wewe umewahi kufika kule?"

"Nimefika, mama. Na kampuni nyingine, zamani."

"Kuna kiti?"

Kijiti akavua kofia yake. "Kipo. Kidogo, cha chini. Kinatazama ziwa. Sisi wapagazi tunakiita kiti cha mke wa Fundi. Hatukikalii. Tunakaa pembeni tunapumzika."

"Mpumbavu wewe!" Kamanda akabwata. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza kukwambia, Kamanda. Ukaniuliza umeniajiri kubeba au kusema."

Dada hata hakugeuka kumtazama mdogo wake. Alikuwa anamtazama Kijiti. "Na ile njia ya punda, inafika?"

"Inafika, mama. Mpaka karibu kabisa."

"Kwa hiyo ningefika."

"Ungefika, mama."

Dada akajiteremsha kwenye kiti kile, akajaribu kusimama. Goti la kulia likakataa. Akashika mgongo wa kiti cha mfalme, akajaribu tena, likakataa tena, akakaa chini kwenye majani yenye baridi. Akayashika magoti yake mawili, akayapigapiga taratibu kama mtu anayewapa pole wageni waliokuja bure. "Basi," akasema. "Safari yenyewe ndiyo hii imekwisha."

Akavuta begi lake, akatoa mto. Mto mdogo, mnene, aliushona kwa shati la kazi la Shemeji, kifungo cha mfukoni bado kipo. Alikuwa ameupanda nao ukuta wote ule na hakumwambia mtu.

Kamanda akaruka, mikono mbele. "Nipe, Dada. Nipe mimi nipeleke. Sasa hivi nakwenda, nakwambia."

"Wewe?" Dada akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Utauweka wapi wewe?"

Akampa Kijiti. Kijiti akaupokea kwa mikono miwili, akauingiza ndani ya koti lake karibu na kifua, akaufungia zipu, akaanza kupanda kufuata ukingo unaotoka begani. Hakuaga. Alikwenda na miguu yake myembamba bila mzigo wa Kamanda hata mmoja, na gunia la ubao akaliacha chini.

"Kamanda!" Mfamasia alikuwa ameshakaa, fimbo mkononi, kidevu juu. "Tupige basi, ukungu usije ukarudi!" Na Kamanda, Mungu amsamehe maana mimi siwezi, akaipokea simu, akawapiga. Mkono ulizoea. Alipowaambia wakenue, sauti ilimtoka vilevile kama siku zote.

Kushuka ndiko kulikomfikisha pabaya. Dada hawezi kukanyaga, Kijiti hayupo. Ghafla kundi zima likawa na migongo mibovu: karani akataja pingili, bwana harusi akataja mkewe, mkewe akataja kucha. Wakatangulia kushuka, kila mtu na picha yake. Akabaki Kamanda na dada yake na ubao. Akasimama kidogo, akitazama huku na huku kana kwamba mpagazi mwingine atatokea kwenye jiwe. Hakutokea mtu. Akachuchumaa, akampa mgongo.

Dada akapanda. Filimbi ikawa inamchoma mkononi aliposhika shingo. Akaivuta juu ya kichwa cha Kamanda, akaitupa maweni. Wakaanza kushuka. Mwanaume ambaye hajawahi kubeba kitu kizito kuliko simu, miguu ikamtetemeka tangu jiwe la kwanza. Alikuwa anahema mdomo wazi, kizibao kimemganda mwilini, na dada yake juu yake ametulia, mwepesi kuliko alivyodhani, uso kageuzia kule nyuma, kilele kinakozidi kuwa kidogo.

"Dada, nisamehe."

Kimya.

"Mwakani nitakuleta. Punda nitamkodi mimi. Haki ya nani."

Pumzi ya Dada tu shingoni kwake, ya joto.

Wakafika kwenye jiwe lile kubwa ambapo asubuhi alijiburuta. Kamanda akasimama, magoti yake yanagongana, akaegemea mwamba bila kumshusha. "Dada, nakuomba. Nitukane. Sema hata neno moja."

Dada akangoja mpaka pumzi ya mdogo wake ilipotulia, maana hakutaka asisikie.

"Mimi nilipokubeba," akasema, "nilikufikisha."